Ngoma Saba za Kamakis

Makongeni, Thika
16 Februari 2025

Muru wa maitu Gachau,

Pokea salamu za dada yako, kama bado unapokea vitu kutoka kwetu. Sisi tuko salama. Wewe sijui, kwa maana tangu ujitoe kwenye grupu ya familia nasikia habari zako kwa watu. Simu huchukui, na siku ukiichukua unasema mtandao ni mbaya, ukiwa hapo Kamakis ambapo hata mbuzi anayesubiri kuchinjwa ana mtandao. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Maitu hajambo, mama ni yule yule. Goti linamsumbua asubuhi, jua likipanda analisahau na kuanza kunisumbua mimi. Dukani kazi iko. Kuku wa watu wanaugua msimu huu, kwa hiyo dawa inatoka kuliko chakula. Barua hii inaletwa na Waceke, yule mama anayepeleka mayai kwa hoteli za huko kwenu. Nimeizungushia selotepu pande zote. Ikikufikia imefunguliwa nijulishe, kwa sababu Waceke ana roho nzuri lakini macho yake hayatulii.

Sasa niingie kwa jambo lenyewe. Wangechi wangu anakuja kwako kila Jumamosi. Mwanzoni alisema anaenda Juja kusoma na wenzake wa chuo, nikaamini, mimi mjinga. Kisha Jared, mtoto wa mama mdogo, akapita huko kwenu akachungulia. Usimkasirikie Jared, ni mimi nilimtuma. Anasema mko wanne mezani, pazia limevutwa, simu zote mmezitupa kwenye karai. Wewe ndiye unayeongea, wengine wanakutazama mdomoni. Halafu akakusikia kwa masikio yake ukimwambia msichana mmoja, "Mbinya, umekufa," na huyo msichana akajibu, "Sawa."

Sawa! Gachau, mtu anaambiwa amekufa na anasema sawa?

Ningenyamaza hata hapo. Lakini wiki hii Wangechi alikuwa uani akiongea na simu kwa Kikuyu, mimi nikiwa nyuma ya nguo zilizoanikwa. Akasema ngoma zote saba lazima zivushwe mto, na moja inakataa. Wewe ni Mkikuyu kama mimi. Kwa Kiswahili ngoma inapigwa watu wacheze. Kwa Kikuyu ngoma ni roho za wafu, zile za kaburini, na mtu mwenye akili hazibebi, hazivushi mto, wala hazitaji akiwa na kikombe cha chai mkononi.

Naogopa. Nakuambia wazi ili usiseme baadaye nilikuzunguka. Niandikie mnafanya nini humo ndani. Na usiniambie ni mchezo.

Dada yako asiyelala vizuri,
Ngendo


Kamakis, Ruiru
9 Machi 2025

Mwari wa maitu,

Barua imefika. Haikufunguliwa, ila yai lilivunjikia juu yake, kwa hiyo neno "mjinga" sikuliona vizuri, na nitachukulia ulikuwa unamwambia Jared. Mimi ni mzima. Kazi ni ile ile, mashine za fotokopi za Ruiru zina kiburi kuliko wenyewe. Msalimie maitu. Nimempa Waceke dawa ya kupaka goti, hakikisha imefika.

Jared nilimwona. Alisimama nje ya dirisha langu akijifanya anatafuta nyumba ya kupanga, kisha akaingia hoteli ya upande wa pili wa barabara akala mbavu nzima peke yake huku akinikodolea macho. Mpelelezi gani huyo anayejipaka mafuta mpaka kwenye viwiko? Afadhali ungemtuma kuku.

Ni mchezo. Samahani, sina jina lingine la kuupa. Watu wanakaa mezani. Mmoja, ambaye ni mimi, anasimulia mahali: hapa pana mto, pale pana lango, mlinzi amesinzia. Wengine kila mmoja ni mtu ndani ya hadithi, na anasema atafanya nini. Jambo likiwa na shaka, anarusha dadu, na dadu ndiyo inaamua. Mbinya ni nesi. Maluki anafundisha hesabu. Wangechi unamjua. Mbinya aliambiwa amekufa kwa sababu aliruka ukuta bila kuangalia ng'ambo, dadu ikamkataa. Simu ziko kwenye karai kwa sababu ya Maluki na mpira wa Uingereza, hakuna siri nyingine.

Na ngoma ni ngoma, za mti na ngozi! Hadithi tunayocheza sasa niliiandika mimi kwa Kiswahili. Kuna kijiji ambacho watu wake walisikia sauti ng'ambo ya mto, wakaifuata, hawakurudi. Wachezaji wanabeba ngoma saba, wazivushe, wakazipige huko ili waliopotea wazisikie na kukumbuka njia. Wangechi alipoigeuza kwa Kikuyu akaliacha neno lilivyo. Angesema kihembe, ile ya kupigwa, ungerudi kwa nguo zako. Kizazi chao ndicho hicho, Kikuyu chao kina matundu kama soksi zangu.

Kwa hiyo lala. Ila na mimi nina swali. Dada gani anamtumia kaka yake mpelelezi badala ya kuja mwenyewe? Kutoka Thika mpaka hapa si safari ya kufungia mtu chakula. Unaogopa kuona nini?

Ndugu yako aliye hai na mwenye njaa,
Gachau


Makongeni, Thika
30 Machi 2025

Gachau,

Salamu. Maitu ameipata dawa, anasema inanuka kama ya ng'ombe lakini anaipaka. Mvua imeanza na paa la stoo linavuja juu ya magunia, kwa hiyo nimekuwa nikihamisha chakula cha kuku kama mtu anayekimbia vita.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila nikiisoma namwona mtu anayetania haraka haraka ili nisitazame mahali fulani. Nakujua tangu unanyonya. Ukiwa na jambo, unachekesha.

Ngoma nimeelewa. Nilimuuliza Wangechi, akacheka mpaka akakaa chini. Hilo limeisha. Yaliyobaki ndiyo yananikosesha usingizi. Kila mtu hapo kwako ana jina jipya. Wangechi anaitwa Kairu, eti ni mwindaji. Jina tulilompa mimi na marehemu baba yake anaambiwa alitundike mlangoni kama koti. Mlango unafungwa. Mtu mmoja anasema, wengine wanamfuata. Na mtu huyo huyo ndiye anayewaambia nani amekufa na nani yuko hai. Sasa niambie, hayo yote tuliyaona wapi?

Unajifanya umesahau, kwa hiyo nitakukumbusha. Kaka yetu mkubwa alianza hivyo hivyo. Vikao vya Jumamosi, nyumbani kwa mtu, watu wachache wazuri wenye kazi zao. Wakampa jina jipya. Yule mhubiri akamwambia dawa za sukari ni kukosa imani, akazitupa chooni. Kisha wakahamia lile shamba lenye lango. Nilisimama kwenye lango hilo jua likinichoma, nikaita mpaka koo likauma, na yeye akamtuma mtu aje aniambie hana dada. Tuliitwa akiwa ameshazikwa. Wewe ulikuwepo tulipoonyeshwa lile rundo la udongo. Tangu siku hiyo hakuna kati yetu aliyetaja jina lake, na hata hapa silitaji.

Halafu unaniandikia hadithi ya watu waliofuata sauti ng'ambo ya mto! Unadhani mimi sina macho?

Nimemkataza Wangechi kuja kwako. Hakubisha, jambo ambalo si kawaida yake na linanitia wasiwasi zaidi. Nimempoteza mmoja, Gachau. Simpotezi wa pili, hata kama anayempeleka ni damu yangu.

Ngendo


Kamakis, Ruiru
4 Mei 2025

Mwari wa maitu,

Najua nimekaa kimya. Niliandika wakati wa Pasaka, nikaichana. Natumaini maitu yuko salama na stoo haivuji. Huku kwetu mvua imeziba mitaro, wateja wanakuja na printa zilizoloa wakiniambia "ilizima tu yenyewe."

Kwanza nikuulize. Majuzi wanaume wawili wenye suti walimwendea msimamizi wa ploti wakamuuliza kama mimi huwa na ibada ndani ya nyumba, na kama watu hukesha. Sasa mwenye ploti anataka kuniona. Nimekaa hapa miaka bila neno na mtu. Sisemi ni wewe. Nasema tu kwamba kabla ya barua zako hakuna aliyewahi kuuliza.

Pili, unasema nachekesha ili usitazame. Basi leo nitakueleza bila kuchekesha hii hadithi ilivyotoka. Kitabu cha kwanza tulichochezea kilikuwa na ngome, theluji, na mlevi mwenye ndevu katika kila baa. Maluki alikuwa shujaa wa barafu, mtu ambaye akifungua friji anapiga chafya. Siku moja Wangechi akaweka dadu chini akasema, "Anko, nimechoka kuokoa watoto wa wafalme wa watu. Kwani za kwetu hakuna?"

Nikaanza kutafuta. Ukiandika Afrika kwenye intaneti zinakuja nyingi, halafu unazifungua. Katika ya kwanza bara zima ni msitu mmoja, unatembea kurasa na kurasa huoni mtu akinunua chumvi. Katika nyingine, ukisikia ngoma ujue unakaribia kuliwa. Nyingine ni jangwa, mganga, na hazina ambayo mgeni anaiona kabla wenyeji hawajajua iko. Nilipata nzuri pia, nisiseme uongo. Iko moja ya kijana wa Afrika Magharibi, ina soko la wanawake wakali na malkia anayewanyima majirani mvua. Tuliipenda sana. Lakini kila Jumamosi tulikuwa tunakula viazi vikuu ambavyo hakuna mezani aliyewahi kuvimenya, mpaka Mbinya akauliza, "Kwani Ukambani hakukuwa na watu?" Ndipo nikaamua kuandika yetu. Ina mto Chania, ina mlima Kilimambogo, ina Wakamba na Wakikuyu wanaodanganyana kwa bei ya mbuzi. Ina mama wa duka mwenye mdomo. Huyo utamtambua.

Kuhusu yule uliyemwandika, sina la kusema. Tuongee mengine.

Na la mwisho. Ulisema umemkataza Wangechi. Sawa, ni mtoto wako. Hajakanyaga hapa tangu uandike, kiti chake kiko tupu. Ila Waceke anasema kila Jumamosi anamwona stejini Thika na begi mgongoni, anapanda gari asubuhi. Nilidhani umemtuma mahali. Umemtuma?

Gachau


Makongeni, Thika
8 Mei 2025

Gachau,

Leo hakuna salamu.

Sijamtuma popote. Kila Jumamosi ananiambia anaenda mazoezi ya kwaya, na anarudi jioni na matope mekundu viatuni. Jana nilimpigia kiongozi wa kwaya, akaniuliza kama Wangechi alihama. Mimi nilikuwa na hakika anakuja kwako kwa siri na wewe unamficha. Barua ya kukulaani nilikuwa nimeshaiandika, iko hapa mezani. Sasa unaniambia hayuko kwako, na sijui nikuamini au la. Kama unanidanganya, nidanganye vizuri, niambie yuko hapo anarusha dadu. Ningefurahi, Mungu anajua.

Jana jioni nilimuuliza uso kwa uso. Akanitazama, akasema, "Mum, unaniuliza ninaenda wapi, na wewe ukiulizwa unasema nikatoe kuku kwa jua?" Leo asubuhi nimekuta kitanda kimetandikwa na nguo chache hazipo. Simu yake inaita haichukuliwi. Yako umezima kabisa. Waceke anaondoka sasa hivi na mayai, nimemwambia akuwekee hii mkononi hata kama uko chooni.

Wale wenye suti si wangu. Ni Jared na rafiki yake. Kumbe kweli anatafuta nyumba ya kupanga, na alitaka kujua kama ploti ina watu wa kelele. Nimemgombeza mpaka akakaa.

Mtafute mtoto, Gachau. Wewe anakupenda.

Ngendo


Kamakis, Ruiru
11 Mei 2025

Dada,

Nimempata. Ni mzima, amekula, hana hata mafua. Nimetangulia na hilo ili upumue, salamu zitafuata.

Nilifunga duka kwa haraka nikasahau kuna mteja ndani, ikabidi nirudi kumfungulia. Matope mekundu ndiyo yalinionyesha njia. Nilienda Murera, kwenye ile karakana ya mbao ya kaka yetu mkubwa. Siku hizi ameipanga mama mmoja anaitwa Syombua, anafuga sungura. Wangechi alikuwa ameketi mlangoni anakatakata majani ya sungura kama mtu wa hapo. Amelala chumba cha Syombua tangu alipotoka kwako.

Ni hadithi yangu iliyomfikisha hapo. Ndani yake kuna fundi anayezichonga ngoma zile saba kwa mti wa muringa. Anapoifikia ya mwisho anasikia sauti, anavuka mto akiwa na patasi mkononi, anaiacha nusu. Ile inayokataa kuvuka ndiyo hiyo. Wangechi aliniuliza mezani, "Anko, huyu fundi ni nani? Mbona ukimfikia sauti yako inabadilika?" Nikamwambia ni mtu wa hadithi tu. Hakuniamini. Akakuuliza wewe kama ukoo wetu ulikuwa na fundi wa mbao, ukampeleka kwa kuku. Ndipo akamkumbuka mjomba aliyemchongea kigoda akiwa mdogo, yule ambaye ulimwambia alianguka kutoka paa la nyumba huko Kitale. Akakumbuka karakana ilikuwa Murera, akaanza kuulizia huko nyumba kwa nyumba. Syombua alikuwa amepewa habari zote na majirani, naye hakumficha kitu, mpaka lango.

Nilitarajia alie. Hakulia. Alisema, "Nyinyi wawili mmenificha kitu ambacho Murera nzima inajua. Halafu mimi nikifunga mlango mnasema nimeingia kwa dini ya shetani." Anasema harudi nyumbani, wala hakanyagi kwangu, mpaka mimi na wewe tukae mbele yake tulitaje hilo jina kwa mdomo. Nikamwambia tutamwandikia. Akasema hataki karatasi.

Haya, na mimi niseme. Ndiyo, ni Zacharia. Ulinusa jambo tangu barua ya kwanza na nikakufanya uonekane mwenye kichaa, na hilo linaniuma. Nilizitafuta hadithi za Kiafrika kila kona ya intaneti nikijiambia nataka mto wa kwetu na mlima wa kwetu. Nilichokuwa natafuta ni moja tu ambayo mtu anaenda kwenye lango kama lile na anarudi na kaka yake. Hakuna aliyeiandika. Nikaandika mimi, na kila Jumamosi nikawa nawacheleweshea njia, mara mafuriko, mara ng'ombe wamepotea, kwa sababu wakifika ng'ambo ni mimi nitakayelazimika kuongea kwa sauti yake, na sijui atasema nini.

Jumamosi hii wanafika. Wangechi atakuja ukija. Tafadhali njoo, na Jared umwache huko huko.

Msalimie maitu. Usimwambie bado.

Gachau


Makongeni, Thika
20 Mei 2025

Muru wa maitu,

Pokea salamu za maitu, za Wangechi na zangu. Wangechi yuko nyumbani. Ameanza kunifokea kama zamani kuhusu ninavyoshika simu, kwa hiyo najua amerudi kweli. Maitu tumemwambia kwamba mtoto anajua. Akasema ilikuwa imekawia, akaomba chai. Wewe simu yako inaita tu. Nimerudi kwa kalamu.

Uliondoka mezani Jumamosi kabla ya mwisho, kwa hiyo hujui kilichotokea, na Wangechi anasema lazima ujue kwa sababu hadithi ni yako.

Nilivyoingia unakumbuka. Nilikagua pazia, nikakagua karai, nikainusa hata chai kabla ya kuinywa. Ulitaka kunipa jina la hadithi nikakataa, nikasema nitakaa hapo nikiwa Ngendo muuza dawa ya kuku, nanyi mkaandika hivyo hivyo. Muda wote nilikuwa nakutazama nikingoja useme neno moja la yule mhubiri ili nimshike mtoto mkono tuondoke. Ngoma zikapigwa, hata ile mbovu. Watu wakaanza kutoka langoni, ulivyowasimulia, wamekonda, vumbi kichwani, wanatembea kama waliosahau wanaenda wapi. Hapo nikasahau kukushuku.

Kisha Mbinya akanyoosha kidole awahesabu kabla hatujawavusha, nikampiga kofi mkononi. Msichana wa watu! Lakini cucu, bibi yetu, angefanya vilevile. Watu hawahesabiwi kama madebe ya mahindi. Wanaitwa kwa jina, mmoja mmoja, kila mmoja anaitika, ndipo mnavuka. Kwa hiyo nikaita. Maluki akaitika. Mbinya akaitika akiusugua mkono. Wangechi nilimwita jina nililompa mimi, akaitika. Wale wa hadithi ukaninong'oneza majina, nikawaita, ukawaitikia kila mmoja kwa sauti yake, mpaka yule bibi kizee aliyetuchekesha. Halafu nikaita Zacharia.

Ukasema maziwa yanamwagika. Gachau, tulikuwa tunakunywa chai ya rangi.

Hatukukufuata. Tulisikia mlango wa nje. Mbinya akanisukumia ile dadu kubwa, akasema, "Mum, rusha tu. Ukipata namba ya juu anakuja, hata kama anko hayuko." Nikaishika. Ni nyepesi, mimi nilidhani ina uzito. Nilitaka kuirusha, siwezi kukuficha. Mkono wote ulitaka. Lakini Wangechi alikuwa ananitazama, na nikaona kwamba ikisema ndiyo nitakuwa nimemletea mtoto wangu Kitale nyingine. Nikairudisha mezani. Nikaita tena, "Zacharia wa maitu," kwa sauti ile ya langoni, na safari hii hakuna aliyekuja kuniambia hana dada. Tukangoja. Nililia, na sikujificha. Mwishoni Wangechi akachukua nafasi yako, akasema kama unavyosema wewe, "Ng'ambo kuko kimya. Mnafanya nini?"

Nikamwambia tunavuka.

Tukavuka na wale walioitika. Tulipokuwa tunarudi Thika nilimsimulia Wangechi habari za Zacharia mwenyewe, si za lango. Alivyopiga mluzi akipiga randa mpaka majirani wakalalamika. Alivyojenga kitanda ndani ya chumba, kikakataa kutoka mlangoni. Tulicheka, Gachau, watu wakatugeukia. Ungekuwepo ungecheka kuliko sote, kwa maana ni wewe uliyebomoa ule mlango.

Lakini liko jambo linalonikera. Tulipovuka mto wewe hukuwa mezani. Nilimuuliza Maluki, kwa sheria za mchezo wenu, mtu aliyeondoka mezani anahesabiwa yuko upande gani. Alijaribu kunizungusha, kisha akasema anabaki pale hadithi ilipomwacha. Kwa hiyo wewe uko ng'ambo, karibu na lile lango, na mimi sina nguvu ya kusimama jua kali kwa kaka wa pili nikisubiri aniambie hanijui.

Nimemwambia Waceke aketi kwako, mayai yavunjike au yaoze, asitoke bila jibu. Sitaki barua ndefu. Sitaki mzaha. Nakuita kama nilivyowaita wale wengine, na hapa nyumbani sote tumenyamaza tunasikiliza.

Gachau wa maitu.

Itika.

Ngendo